Bunduki Ilipohamia Kwangu

Wiki ya pili baada ya harusi yetu, tukiwa jikoni kwa mama mkwe wangu pale Katandala, mume wangu aliacha kula akaniangalia miguu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Viatu vyako vingine viko wapi?" akauliza.

"Vipo vya kanisani."

"Na vya porini je?"

Mama mkwe alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Mwanangu," akaniambia, "kwani wazazi wako hawakuuliza? Umeolewa na watu wa porini."

Hawakuuliza. Wazazi wangu ni wakulima wa Mpui. Waliuliza kama kijana anakunywa, kama ana kazi, na kama anasali. Alikuwa fundi wa magari kwenye karakana ya serikali hapohapo mjini Sumbawanga, pombe hagusi, Jumapili hakosi misa. Hakuna aliyefikiria kuuliza Jumamosi anashinda wapi. Kwetu Mpui, mahali pasipolimwa palikuwa pa nyoka na nguruwe pori. Mtu alikwenda huko kwa shida yake, kukata kuni au kutafuta ng'ombe aliyepotea, akarudi haraka. Sikuwahi kumwona mtu mzima mwenye akili zake akifunga chai kwenye chupa na viazi kwenye kitambaa, akapanda mlima, akakaa juu ya jiwe kwa sababu tu analipenda lile jiwe.

Mume wangu alikuwa na mawe yake kama matano. Alinipeleka kwenye yote mwaka ule wa kwanza. Lile la milima ya Mbizi, juu kabisa, ambako upepo wa Juni hupenya sweta mbili kana kwamba umevaa kanzu ya chandarua, ndilo alilolipenda kuliko yote. Alinikalisha pale, akanionyesha bonde la Ziwa Rukwa chini kwenye joto lake, akaniuliza, "Unaona?" Nikasema naona. Kusema kweli nilikuwa naona baridi tu.

Lakini miguu ikazoea, na moyo ukafuata. Tulipopata mabinti wetu wawili tuliwabeba mgongoni. Mama mkwe alitembea mbele, na fimbo yake mkononi. Marehemu mume wake aliwinda kwa gobori, na yeye alikuwa amemfuata miaka mingi akisoma nyayo. Alikuwa akiinama, anagusa udongo kwa kidole, anasema, "Huyu amepita kabla ya umande." Mjini alikuwa bibi kizee anayelalamika magoti. Porini hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mume wangu alikuwa na bunduki ya marisau, ya kihalali, na kila msimu alikata leseni. Aliwinda kanga na kwale, mara mojamoja tohe, yule swala wa kahawia wa nyasi ndefu, au nguruwe pori. Siku za kuwinda sisi wanawake tulibaki chini ya turubai tulilofunga kwenye miti ya miombo, tukipika maharage. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilibeba madaftari ya kusahihisha. Watoto waliokota matunda ya masuku, wakala mpaka matumbo yakauma. Yeye aliondoka peke yake na kurudi peke yake, na kwa jinsi alivyotembea nilijua kama amepata au amekosa kabla sijaona mkono una nini.

Nisije nikawadanganya kwamba tuliishi bila kugombana. Kuna Jumamosi moja nikiwa na mimba ya binti wa pili, nina homa, alisema anakwenda kidogo tu, akarudi jua limeshuka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka alisema atarudi saa ngapi, na kwa miaka yote iliyofuata alirudi kabla ya saa hiyo. Ndivyo alivyoomba msamaha, kwa kutumia saa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, vitambaa na redio. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, na watu wa Sumbawanga, ambao baridi ilikuwa imewatesa tangu enzi za mababu, wakajichagulia makoti ya Ulaya. Ulimwona mzee anachunga mbuzi amevaa koti la bwana harusi. Tulifurahi. Lakini mwaka uleule karakana ya serikali ikapunguza wafanyakazi, na mume wangu akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani na boksi la spana, akaliweka barazani, akakaa kando yake. Kesho yake asubuhi mtu akapita anakokota baiskeli iliyokatika mnyororo. Akaitengeneza. Kabla ya mwezi kwisha baraza letu lilikuwa limegeuka karakana ya baiskeli, na mimi napita kwenda shuleni nikiruka matairi.

Kazi hiyo aliiweza vizuri. Aliinama juu ya gurudumu, pua karibu iguse spoki, akaona ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo sababu sikushtuka mapema. Nani angefikiria kwamba mtu wa namna ile ana tatizo la macho?

Dalili zilikuwepo. Alianza kurudi kutoka porini mikono mitupu. "Wanyama wamepungua," alisema, nami niliamini kwa sababu ilikuwa kweli kiasi. Mashamba yalikuwa yanashuka miteremkoni, na wafugaji waliohama kutoka mikoa ya kaskazini magharibi walikuwa wamefika bondeni na mifugo yao mingi. Mwalimu mwenzangu akanilalamikia, "Mumeo siku hizi ana maringo. Nimempungia mkono ng'ambo ya barabara, amenipita kama mti." Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamgombeza mume wangu kwamba ananiaibisha. Akainamisha kichwa, akasema atajirekebisha. Kuanzia siku hiyo akawa anasalimia kila mtu, hata asiyemjua.

Mwezi wa Desemba uliofuata, wiki ya mwisho ya msimu, mabinti walikuwa wamekwenda likizo Mpui kwa wazazi wangu. Mama mkwe magoti yalikuwa yamekataa kabisa. Mume wangu akaniambia, "Mama watoto, safari hii twende sisi wawili. Usikae kwenye turubai. Tembea na mimi."

Nilifurahi kama msichana. Tukapanda baiskeli mbili mpaka upande wa Kaengesa, tukalala kwa shangazi yake, na kulipopambazuka tukaingia porini kwa miguu, kuelekea mteremko unaoshuka bondeni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nyasi zilizochomwa moto zilikuwa zimeota upya, kijani kibichi, na ukungu umelala juu yake. Alitembea mbele, bunduki mkononi, mimi hatua tatu nyuma nikijaribu kukanyaga anapokanyaga.

Akasimama. Akanyoosha kiganja nyuma kunizuia.

"Tohe," akanong'ona.

Nikaangalia alikoangalia. Pembeni ya miti, hatua kama hamsini, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kimeinama kwenye nyasi. Kilisogea kidogo, kikainama tena. Nikaona manyoya shingoni. Halafu nikaona kwamba yale manyoya ni kola. Halafu nikaona mkono wa mtu unatia kitu kwenye kikapu.

Yeye alikuwa ameshaweka kitako cha bunduki begani.

Sauti haikutoka. Najua watu husema hivyo, lakini mimi haikutoka kweli. Kilichotoka ni mkono. Niliruka, nikausukuma mtutu juu kwa kiganja, na bunduki ikalia. Marisau yakapita kwenye matawi juu yetu, majani yakatuangukia vichwani. Kutoka upande wa pili mwanamke akapiga yowe.

"Jamani! Nani huyo? Nani huyo?"

Mume wangu alibaki ameinua uso, hajaelewa. "Umefanya nini?" akaniuliza. "Ni tohe yule!"

"Ni mtu," nikasema. "Ni mama mtu mzima. Amevaa koti."

Sitasahau uso wake. Aliweka bunduki chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akakaa palepale kwenye majani yenye maji, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mimi ndiye niliyemwinua. Tukamwendea yule mama. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko sisi, ameshikilia kikapu cha uyoga kifuani, na lile koti la mitumba la kahawia lenye kola ya manyoya limemfika magotini. Mume wangu akasimama mbali kidogo, akampa shikamoo, akasema bila kuzunguka:

"Mama, nimekuona nikadhani ni mnyama. Ni mke wangu aliyekuokoa. Ningekuua."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Kwani mimi nina pembe?" akasema, na sauti ikampasuka. "Nina wajukuu wanne nyumbani wanasubiri uyoga huu! Wanne! Ungewaambia nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui!" Akafuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akamkazia macho kwa namna nyingine. Akachukua uyoga mmoja kikapuni, mkubwa, akauinua. Walikuwa wameachana hatua kama kumi na tano. "Haya niambie. Nimeshika nini?"

Mume wangu akakunja macho. Akasogeza kichwa kushoto, kisha kulia. Nilikuwa namwombea kimyakimya aseme uyoga. Hata kwa kubahatisha, si kikapu kilikuwa cha uyoga?

"Sioni," akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na jambo hilo nikaambiwa na mama nisiyemjua katikati ya pori.

Mume wangu hakutaka tuondoke kimya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba twende kwa mwenyekiti wa kijiji akaeleze alichokifanya. Tulimbebea yule mama kikapu. Mwenyekiti alisikiliza, akamkaripia kama mtoto wa shule, akamwambia asionekane na bunduki katika kijiji kile mpaka macho yake yatazamwe. Mume wangu akasema ndiyo kwa kila neno. Tulipotoka, yule mama alikuwa ametulia. Akafungua kikapu, akanitilia uyoga kwenye kanga yangu, nami nikakataa, naye akanisukumizia.

"Chukua," akasema. "Na siku mkirudi huku, mje na mtu anayeona."

Tukaanza safari ya kurudi Katandala. Njiani, kwenye mwinuko tulipokuwa tunakokota baiskeli, ndipo nilipouliza.

"Umejua tangu lini?"

"Msimu uliopita. Na huu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniambia niache."

"Ningekuambia uache, ndiyo!"

"Basi," akasema. "Ndiyo hiyo sababu."

Siku tatu sikuzungumza naye zaidi ya karibu chakula. Hasira yangu haikuwa ya yule mama peke yake. Nilikuwa nakumbuka mara zote mabinti wetu walipokuwa wakikimbia wakitafuta masuku, na mtu mwenye bunduki asiyeona yuko kwenye pori hilohilo. Siku ya nne nilimwambia hivyohivyo. Alilia. Nilikuwa sijamwona akilia hata alipopunguzwa kazini. Nikakaa karibu naye, na hasira, ingawa haikwisha siku ile, ikapata mahali pa kukaa.

Tulikwenda hospitali ya misheni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hajakomaa kiasi cha kupasuliwa, wakasema, na daktari wa upasuaji wa macho huja kwa ziara tu. Asubiri. Wakampa miwani iliyosaidia kidogo. Bunduki akaifungia kwenye sanduku, ufunguo akanikabidhi mimi.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa nzito. Alitengeneza baiskeli ambazo hazikuwa na haraka. Hakutaka hata kwenda Mbizi kutembea. "Nitaona nini?" alisema. Nyumba ilikuwa imepoa kama jiko lisilokokwa, na ni mama mkwe aliyechoka nayo kwanza. Siku moja nasahihisha madaftari, akanijia na fimbo yake, akakaa mkabala na mimi.

"Wewe ndiye uliyeona kola ya koti kwenye ukungu?"

"Ndiyo, mama."

"Hatua ngapi?"

"Hamsini hivi."

"Macho hayo unayatumia kusahihishia hesabu tu?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema marehemu mume wake alipoumwa mkono, yeye alibeba gobori msimu mzima, na nyama ililiwa, na hakuna mtu aliyekufa kwa mshangao. Hadithi hiyo hata mwanawe hakuwa ameisikia. Alipoisikia alicheka, kicheko cha kwanza tangu Desemba. Kisha akaniangalia, karibu kabisa, kama anavyoangalia spoki.

"Unataka?" akaniuliza.

Nilifikiri ningesema hapana. "Nifundishe," nikasema.

Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Wiki nyingi nilibeba bunduki isiyo na risasi, nikapanda nayo, nikashuka nayo, nikaruka nayo vijito, na kila nilipouelekeza mtutu mahali pasipofaa alinirudisha nianze upya. Alijua kwa kusikia tu. "Usiweke kidole hapo," alisema akiwa amenipa mgongo. Mara moja nikamjibu vibaya, nikaketi chini, nikamwambia hana haki ya kunifundisha uangalifu mtu kama yeye. "Nani mwingine anajua vizuri zaidi?" akasema. Nikainuka.

Siku niliyopiga risasi ya kwanza bega lilivimba. Jumatatu darasani nikawa naandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa kuku, na wanafunzi wangu wakaona huruma mpaka wakagombania kunifutia ubao.

Vibali vilichukua miezi. Barua ya serikali ya mtaa, mahojiano polisi, ukaguzi wa bunduki, mpaka jina langu likaingia kwenye leseni ya silaha. Msimu ulipofunguliwa, Julai, tukaenda wote wawili kwenye ofisi ya maliasili kukata leseni ya kuwinda. Bwana mmoja kijana alikuwa mezani. Akazisoma karatasi, akazigeuza, akazisoma tena.

"Mama, hii ni ya mzee?"

"Ni yangu."

"Unataka kuwinda?"

"Ndiyo."

"Kuwinda nini, mama?"

"Kanga. Na nguruwe pori."

Akamgeukia mume wangu, kwa sauti ya mwanaume anayetafuta msaada kwa mwanaume mwenzake. "Mzee, ni kweli haya?"

Mume wangu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi ni mbebaji wake."

Kijana akagonga muhuri.

Tulianzia Mpui, kwa baba yangu, kwa sababu nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake yaliyosimama yakikauka. Baba alitupokea vizuri mpaka alipoona bunduki iko begani kwangu. Akamsalimu mkwewe, akamuuliza kwa heshima kama anaumwa. Mume wangu akamweleza habari ya macho, yote, pamoja na ya yule mama wa uyoga. Baba akanitazama mimi mwanawe aliyekuwa akimpeleka shule kwa kumbeba kwenye baiskeli, akasema tu, "Usipige mahindi."

Alasiri ya kwanza niliwaona watatu, nikafyatua haraka, nikapiga mahindi. Wakati wa chakula baba aliweka gunzi lililotobolewa mbele ya sahani yangu.

Asubuhi ya pili tulitoka kabla ya jua. Tulikaa kwenye kichuguu, mgongo wangu kwenye bega la mume wangu, baridi imetuuma mpaka meno. Sikuwa naona chochote ila mabua. Kisha akanigusa kiwiko. "Kushoto," akanong'ona. "Wawili. Wanavunja." Mimi nilikuwa sijasikia kitu. "Upepo unatujia sisi. Usijali. Subiri." Nikasubiri. Nikasikia sasa, mabua yanavunjika, pumzi nzito. "Usipige mpaka umuone mwili wote," akasema. "Kichwa, mguu, kila kitu. Uwe na hakika." Yule wa kwanza akatokea kwenye nafasi kati ya mistari, mkubwa, mweusi mwenye wekundu, na nyuma yake palikuwa na mwinuko wa udongo mtupu. Nilimwona mwili mzima. Nilimwona kiasi cha kuhesabu nywele za mgongo wake.

Nikapiga. Akaanguka palepale.

Wengine husema hujaa furaha. Mimi nilishindwa kuiondoa mikono kwenye bunduki, na machozi yakawa yananitoka bila huzuni maalum. Mume wangu hakunipongeza. Aliichukua bunduki taratibu, akaifungua, akatoa ganda, akaweka kiganja chake mgongoni kwangu mpaka nilipotulia. "Mimi nilitapika," akasema. "Wa kwanza. Sijawahi kumwambia mtu." Tukacheka palepale kwenye mahindi, watu wazima wawili, mpaka baba akatokea na panga akidhani tumeumia.

Nyama iligawiwa kwa majirani. Baba akachagua paja, akalifunga kwa majani, akaniambia, "Hili mpelekee mama mkwe wako. Mwambie nimesema asante."

Tuliishi hivyo misimu mitatu. Yeye masikio, mimi macho. Nilikuwa nimeolewa naye miaka mingi bila kujua anachokifanya kule alikokwenda peke yake, na sasa nilijua: zaidi alikuwa anasikiliza. Alinifundisha kukaa kimya bila kungoja kitu. Nami nilimsimulia ninachokiona, kila kitu, rangi ya ukungu, kwale wanavyovuka njia mmoja nyuma ya mwingine, mashamba mapya ya ulezi chini kule. Mwanzoni sikuwa hodari wa kusimulia. Alikuwa ananiuliza, "Kijani gani?" na mimi sikujua kwamba kuna kijani cha aina nyingi.

Daktari wa macho alikuja mwaka wa tatu. Walianza na jicho la kulia. Siku ya kutoa bandeji nilikuwa nimekaa kitandani kwake wodini. Akafumbua, akapepesa, machozi yakamtoka kwa ajili ya mwanga. Akanitazama muda mrefu.

"Una mvi," akasema.

"Wewe huna nywele kabisa," nikamwambia. "Nilikuwa nakuficha."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Jicho la pili lilifuata baada ya miezi, na mama mkwe, ambaye alikuwa amedhoofika sana, aliishi kuona mwanawe akisoma gazeti kwa sauti barazani. Alimwambia asome na matangazo.

Nilidhani bunduki itarudi kwake, na nilikuwa nimejiandaa kuitoa, ingawa kwa shingo upande. Msimu ulipofunguliwa niliifuta, nikamkabidhi. Akaishika, akailenga mlimani, akaitazama kama mtu anayekutana na rafiki wa utotoni. Akanirudishia. "Tupokezane," akasema. "Leo wewe." Siku yangu yeye alibeba chai, siku yake nilibeba mimi, na kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kumwambia mwenzake usipige, na neno hilo halikubishaniwa.

Miaka imekwenda. Wanyama sasa wamepungua kweli, na msimu mmoja tulikubaliana tusikate tena leseni. Bunduki tuliirudisha kwa utaratibu wa polisi. Nilitegemea tutabaki nyumbani, wazee wawili na redio. Lakini Jumamosi iliyopita aliniamsha akasema kuna ndege amemsikia Mbizi ambaye hamjui, na lazima tukamwone. Tukapanda. Tulibishana njia, mvua ikatukuta katikati, ndege hakutokea. Tulikaa chini ya mwamba tukila viazi vilivyolowa, na yeye akaanza kunieleza kwa kirefu jinsi sauti ya yule ndege ilivyokuwa, akiiga kwa mluzi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kutoka mahali fulani kwenye mvua, kitu kikamjibu.